Chupa Sita za Maji ya Uyoga

Bi Chemsha alifungua friji kutafuta maziwa, akakutana na chupa sita ndogo zimesimama mbele yake kama askari wa benki. Zilikuwa chupa za dawa ya kikohozi, zimeoshwa na kubandikwa karatasi zenye namba, moja hadi sita, na ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya chai iliyopoa. Alifungua moja akanusa. Ilinuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Kwenye trei palikuwa na karatasi kubwa zaidi, mwandiko wa binti yake: MAMA, TAFADHALI USIGUSE.

Jina la Bi Chemsha alipewa na manesi. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika chumba kimoja cha hospitali, chumba chenye masinki mawili, meza ndefu ya bati na mashine ya mvuke iliyonguruma kama paka mzee. Mikasi, koleo, mabeseni, sindano za kushonea vidonda: vyote viliingia kwake vichafu vikatoka visafi. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja, nayo ilisema hivi: kilichochemshwa lazima kiseme kimechemshwa. Mkasi safi na mkasi mchafu hufanana kama mapacha. Kwa hiyo kila kilichotoka kwenye moto kilitiwa alama ya penseli ya nta, mstari mmoja mfupi wa buluu, na mwenye kutia alama ile alikuwa kama ameapa.

Alipostaafu alirudi nyumbani na penseli mbili za nta na jina lake la utani. Wenzake waliostaafu walifuga kuku. Yeye hakuona namna ya kumchemsha kuku kabla hajafa, akachagua uyoga, kwa sababu kazi ya uyoga huanza na pipa la maji ya moto. Mabua yanakatwakatwa, yanachemshwa, yanapoa, yanajazwa mifukoni pamoja na mbegu ya uyoga. Baada ya wiki chache nyuzi nyeupe zinatambaa mfuko mzima, kisha uyoga wenyewe unachomoza ubavuni, mashada kwa mashada. Banda lake la uani lilikuwa na mifuko themanini, na hakuna kilichovuka mlango wake bila kupita kwenye pipa kwanza. Hata ndoano za kuning'inizia mifuko zilichemshwa.

Ila visubi hawachemshwi. Walikuja na mvua, nzi wadogo weusi, wakataga mayai ndani ya mifuko, na mayai yakawa funza wembamba kama nyuzi za kushonea, wenye vichwa vyeusi. Funza wale walitafuna utando mweupe na vikonyo vya uyoga. Bi Chemsha aliwachukia kama deni. Binti yake, kinyume chake, aliwapenda.

Binti huyo alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, akapata kibarua cha miezi sita katika kituo cha utafiti wa mazao. Miezi mitano ilikuwa imekwisha. Jioni moja, akimsaidia mama yake kuchuma, aliona jambo. Mifuko iliyotafunwa mwezi uliopita ilikuwa na funza wachache kuliko ile ambayo haijawahi kutafunwa. Na hao wachache walikuwa wamedumaa.

"Mama, hii mifuko umeipulizia dawa?"

"Dawa gani? Mimi nipulizie dawa kitu cha kuliwa?"

"Basi imejipulizia yenyewe," alisema binti, na tangu siku hiyo hakuzungumza habari nyingine.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa maneno machache ambaye vijana walimwita Bwana Onyesha, kwa sababu ukimletea wazo hujibu neno hilo tu. Binti alimpelekea wazo lake. Bwana Onyesha alivua miwani, akaifuta, akasema, "Onyesha." Alimpa muda mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akionyesha kitu, mkataba unaongezwa na anapewa meza yake. Asipoonyesha, kibarua kimekwisha. Chumba cha kufanyia kazi hakumpa, maana vyumba ni vya wenye mikataba mirefu. Ndiyo maana chupa za maji aliyoyakamua kwenye uyoga uliotafunwa zikawa kwenye friji ya mama yake, na visahani vya funza kwenye stoo ya magunia.

Sasa Bi Chemsha alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi, akifikiri. Kuzitupa hakuweza, jasho la mtoto halitupwi. Kuziacha kando ya maziwa na maharage hakuweza pia. Karatasi ilisema asiguse. Haikusema asichemshe. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa haki, aliyachukua makoleo yake ya zamani, akazitoa chupa kwa makoleo, bila kidole chake kugusa kioo.

Sufuria iliingia chupa tatu kwa mara moja. Alichukua tatu zilizokuwa karibu, wala namba hakuziangalia, akazisimamisha ndani ya maji, akalegeza vifuniko, akahesabu dakika ishirini tangu maji yalipoanza kutokota. Maji ya uyoga yalibadilika kidogo, yakawa na chembechembe nyeupe kama maziwa yaliyokatika. Harufu ilipungua. Alizikausha, akakaza vifuniko, akazipindua, na mkono wake, bila kushauriana na kichwa, ukachora mstari mfupi wa buluu kwenye kitako cha kila moja.

Alipotumbukiza tatu za pili, moto uligeuka wa njano, ukajikunyata, ukazimika. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha, na maji yalikuwa hayajapata hata uvuguvugu. Alizitoa, akazifuta, akazirudisha zote sita kwenye trei kama alivyozikuta, karatasi mbele. Akanywa chai ya rangi.

Jioni binti alirudi, akabeba trei kwenda nayo stoo. Mama alitaka kumwambia, akaona uso wake umechoka, akanyamaza. Wema hautangazwi, alijiambia. Siku ya pili ilikuwa tayari ni aibu kidogo kulitaja. Siku ya tatu alikuwa amelisahau.

*

Siku nane baadaye, Jumatano mchana, binti alileta visahani vyake mezani jikoni, kwa sababu stoo haikuwa na mwanga wa kutosha. Wifi yake Bi Chemsha alikuwepo, fundi cherehani, futi la kupimia likining'inia shingoni. Alikuja kuchukua uyoga nusu kilo na alikuwa amekaa saa nzima.

"Daktari wa Funza, karibu na wagonjwa wako," alisema. "Wifi, hapa ndipo mnapolia chakula nyie?"

"Nitapachemsha," alisema Bi Chemsha, akivunja yai kwenye kikaango.

"Utaichemsha meza?"

"Shangazi, nisaidie kuandika," alisema binti. "Nikitaja namba, andika."

Aliinamia kisahani cha kwanza na kioo cha kukuzia. Katika kila kisahani alikuwa ameweka funza ishirini, juu ya unga wa maharage uliolowekwa maji ya chupa moja. Chupa zote sita zilitokana na uyoga uliotafunwa. Kisahani cha saba kilikuwa na maji matupu, cha kulinganishia.

"Namba moja: hai kumi na nane, wanene. Namba mbili: hai watatu." Sauti yake ilipanda. "Watatu tu, shangazi, na wamekuwa kama ncha ya sindano! Namba tatu: wawili. Namba nne..." Akahesabu tena. "Namba nne: kumi na tisa."

"Kumi na tisa hai?"

"Hai. Namba tano: wanne. Namba sita: kumi na nane."

"Na maji matupu?"

"Kumi na tisa."

Binti aliweka kioo mezani taratibu, kama kitu cha kuazima. Shangazi alitazama karatasi, akatazama uso wa mpwa wake.

"Sasa mbona umenuna? Tatu zimeua."

"Na tatu hazikuua. Uyoga uleule, mabua yaleyale, siku ileile. Nusu ndiyo, nusu siyo. Nikimpelekea Bwana Onyesha hii, ataniambia ningerusha sarafu tu, nisingesumbua funza."

"Hebu kwanza mimi unielimishe," alisema shangazi, "maana nimeandika mahesabu ya wafu bila kujua marehemu kauawa na nini. Uyoga hauna meno, hauna miguu, hauna hata mwiba. Unamuuaje funza?"

Binti alifuta uso. Hata katika kuvunjika moyo, akiulizwa swali alijibu. Ndivyo alivyoumbwa.

"Haukimbii, sawa. Kwa hiyo unapika. Ukiumwa, zile nyuzi zake zinapeana habari, na sehemu ambazo bado hazijaumwa zinaanza kutengeneza protini fulani. Funza anakula, anashiba, lakini ile protini inakwenda kunata kwenye ukuta wa utumbo wake. Utumbo unaharibika. Anakula na hakui. Anakufa njaa na sahani mbele yake."

"Loo! Kama mke wa mchoyo."

"Na ukiwa hauna adui hautengenezi nyingi, maana kutengeneza kunakula nguvu. Mpaka uumwe kwanza. Hilo ndilo nilitaka kuonyesha."

"Sasa sisi je? Miaka minne nakula uyoga wa mama yako. Utumbo wangu umenata?"

"Shangazi, wewe unakula uliopikwa. Nyingi za protini hizi hazistahimili moto." Alinyoosha kidole kwenye kikaango. "Tazama hilo yai. Likiwa bichi linamiminika. Likipata moto linaganda, na hata ulilie namna gani halirudi kuwa bichi. Umbo limevunjika. Hii sumu nayo ni kama yai. Ukiichemsha inakuwa chakula tu. Ila usije ukasema mpwa wangu kaniambia uyoga wowote ukichemshwa ni salama! Upo wa porini unaoua hata ukiuchemsha kutwa nzima. Nazungumzia huu wetu."

Bi Chemsha alikuwa ameshika kijiko cha kugeuzia, hakugeuza. Aliona sufuria. Aliona chembechembe nyeupe, kama maziwa yaliyokatika. Dakika ishirini tangu maji yalipoanza kutokota.

"Wifi," alisema shangazi, "yai linaungua."

Liliungua. Katika nyumba ile yai halikuwahi kuungua, na shangazi alipolila bila kulalamika alifanya hivyo kwa udadisi tu, akimchungulia wifi yake juu ya uma.

*

Hospitalini aliwahi kuwa na mwenzake mmoja, mtu mchangamfu, mwepesi wa kazi. Siku moja mtu huyo alitia alama kwenye trei ambayo haikupita kwenye mvuke, kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda na daktari alikuwa anapiga kelele. Kwa bahati trei iligundulika mlangoni. Mkuu wa manesi aliwaita wote, akauliza ni nani. Yule mwenzake aliangalia dari. Aliendelea kuangalia dari mpaka walipomaliza kuulizwa mmoja mmoja. Miaka kumi na tano Bi Chemsha hakupokea kwake hata kikombe cha chai.

Jioni ile ya Jumatano, akiosha visahani, akiepa stoo, akijibu "ndiyo" na "hapana", alitambua kwamba yeye naye alikuwa anaangalia dari.

Alijitetea, kama mtu yeyote. Akisema, je, itasaidia nini? Chupa zimekwisha, funza wamekwisha, Ijumaa ni kesho kutwa. Ukweli ungempa mwanawe hasira tu, na hasira haiongezi mkataba. Kisha alipita mlangoni pa binti akamwona anaandika. Hakuwa analia. Alikuwa anaandika kwa mwandiko mzuri, uliolala sawasawa, mwandiko wa mtu aliyekwisha kukata tamaa na anataka angalau karatasi iwe safi.

Asubuhi ya Alhamisi chai ilikuwa mezani, na barua kando ya chai.

"Nimeandika kwamba wazo langu halikusimama," alisema binti. "Nimeshukuru pia. Nisikilize unisahihishe adabu."

"Usinisomee," alisema Bi Chemsha. Alikaa. Aliweka mikono juu ya meza, viganja chini, kama mbele ya mkuu wa manesi. "Mwanangu, zile chupa nilizichemsha."

Binti alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wa kumchangamsha.

"Zilikuwa zinanuka. Ziko karibu na maziwa. Nikazichemsha. Dakika ishirini."

Tabasamu likatoka usoni polepole. "Mama. Niliandika usiguse."

"Sikugusa. Nilitumia makoleo."

Alijua, kabla ya kufunga mdomo, kwamba hilo halikuwa la kusema. Binti aliinuka kwa nguvu hadi kiti kikaanguka.

"Miezi mitano! Miezi mitano, mama! Nimekwenda kwa miguu, nimehesabu funza huku watu wakinicheka, na wewe unaniona naandika barua ya kushindwa, tangu jana..."

"Jana ndipo nilipojua. Uliposema habari za yai."

"Na jana hukusema!"

"Jana sikusema," alikubali Bi Chemsha. "Hapo ndipo kosa langu lilipo hasa. La sufuria ni ujinga. La jana ni uoga."

Binti alitoka uani. Mlango wa banda ulisikika ukifungwa. Bi Chemsha aliinua kiti, akakifuta, akakaa palepale. Hakumfuata. Chai ilipoa ikawa na utando juu. Ndege wawili walipigana juu ya bati la paa kwa muda mrefu, wakaacha.

Binti aliporudi, alisimama mlangoni. Alikuwa na bua moja kwenye nywele.

"Ulisema ulizichemsha. Zote?"

"Tatu. Gesi iliisha."

"Tatu." Alisogea hatua moja. "Zipi?"

"Sikuangalia namba."

Binti alifumba macho kwa uchungu, na hapo Bi Chemsha akamaliza sentensi yake, akishangaa kwamba mwanawe, aliyelelewa nyumba hii, anahitaji kuambiwa.

"Lakini niliziandika. Zipindue."

"Nini?"

"Chupa. Zipindue, uangalie kitako. Kilichochemshwa lazima kiseme."

Chupa tupu zilikuwa bado kwenye trei, stoo. Binti alikimbia akarudi nazo, zikigongana. Alizilaza mezani kati ya vikombe, akapindua ya kwanza. Kwenye kitako kulikuwa na mstari mfupi wa buluu. Ya pili haikuwa na kitu. Ya tatu, hakuna. Ya nne, mstari. Ya tano, hakuna. Ya sita, mstari.

Moja, nne, sita.

Alichukua karatasi ya jana yenye mwandiko wa shangazi. Namba moja, kumi na nane. Namba nne, kumi na tisa. Namba sita, kumi na nane. Aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaketi sakafuni, akashika kichwa.

"Tumeharibu kabisa?" aliuliza Bi Chemsha.

"Mama," alisema binti kutoka sakafuni, "zilizochemshwa haziui. Zisizochemshwa zinaua. Unajua hiyo ni nini? Hicho ndicho kitu ningetakiwa kukifanya mwenyewe tangu mwanzo, kuthibitisha kwamba ni protini. Sikukifanya kwa sababu nilifikiri maji matupu yanatosha." Aliinua uso. "Na tatu zilikuwa na machicha, chembechembe nyeupe. Niliyaona. Nikachuja zote kwa kitambaa, wala sikuandika. Ningeandika, ningejiuliza."

"Kwa hiyo na wewe uliangalia dari."

"Niliangalia nini?"

"Basi tu. Kunywa chai."

"Imepoa."

"Nitaichemsha," alisema Bi Chemsha, na kwa mara ya kwanza tangu jana binti yake alicheka, ingawa macho yake yalikuwa bado mekundu na hakuwa amesema kwamba amesamehe.

*

Ijumaa walikwenda wote wawili. Bi Chemsha alitaka kubaki nje kwenye benchi, lakini Bwana Onyesha, aliposikia habari mpaka mwisho, aliuliza, "Aliyechemsha yuko wapi?"

Aliitwa ndani. Ofisi ilikuwa na harufu ya vumbi la vitabu, na dirishani kulikuwa na nzi wengi waliokufa, jambo ambalo Bi Chemsha aliliona haraka kuliko alivyopenda.

"Kwa muda gani?"

"Dakika ishirini, bwana. Tangu maji yalipoanza kutokota."

"Si tangu ulipowasha?"

Alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Tangu yalipoanza kutokota."

"Vifuniko?"

"Vimelegezwa. Ukivikaza chupa hupasuka."

"Na una hakika alama ilitiwa baada ya kuchemsha, haikutiwa kabla?"

"Bwana," alisema Bi Chemsha, "mimi sijawahi kutia alama kitu kibichi tangu nizaliwe."

Bwana Onyesha alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alizipindua chupa mwenyewe, moja moja. Binti alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono nyuma, akijaribu kutopumua kwa sauti.

"Hii haionyeshi kitu," alisema mwishowe.

Bi Chemsha aligeuka kumtazama binti yake.

"Chupa sita ni chache. Kuchemsha hakukupangwa. Machicha hayakuandikwa. Siwezi kuipeleka popote." Aliirudisha chupa ya sita kwenye trei, kwa uangalifu, alama chini. "Lakini ni sababu nzuri ya kurudia. Kibarua kinaongezwa miezi mitatu. Meza bado. Safari hii chupa ishirini na nne, kumi na mbili zichemshwe." Akamgeukia Bi Chemsha. "Achemshe mama. Achague mwenyewe zipi, na asimwambie binti mpaka funza wahesabiwe. Anayehesabu akijua, jicho lake humsaidia. Unaweza kunyamaza?"

Binti alikohoa. Bi Chemsha aliona kwamba anazuia kicheko, na akaona vilevile kwamba ndani ya kicheko kile mlikuwa na mwiba mdogo wa kuchoma, ambao alistahili.

"Naweza," alisema. "Nimefanya mazoezi."

*

Kunyamaza kwa kuamriwa kulikuwa kugumu kuliko kunyamaza kwa uoga. Alichemsha Jumatatu, mlango wa jikoni umefungwa, mtungi mpya wa gesi, binti nje uani akiwa amegeuka ukutani bila hata kuombwa. Machicha aliyachuja mwenyewe, katika chupa zote, akaandika kwenye daftari aliloficha chini ya godoro, akalowesha unga wa visahani vyote yeye mwenyewe, na chupa akazifungia kabatini ili binti asione vitako. Siku nane shangazi alimzunguka.

"Nidokeze moja tu, wifi. Namba tisa umeipika?"

"Sijui."

"Unajua."

"Najua. Nakwambia sijui."

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nimekwisha kuzaa, na niliyemzaa amenikataza kusema."

Siku ya kuhesabu, Bwana Onyesha alituma kijana mmoja wa kituo aje kushuhudia. Binti alihesabu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, akataja, shahidi akaandika. Hakuharakisha. Alipomaliza cha mwisho alikaa, akampa mama yake ishara kwa kichwa, na Bi Chemsha akaanza kupindua chupa.

Mstari, funza hai. Mstari, funza hai. Hakuna, wafu. Hakuna, wafu. Mstari, hai. Shangazi, aliyeacha gauni la mteja bila mkono mmoja ili awepo, alikuwa akipiga paja kwa kila jibu kama mtu anayeangalia mpira.

Kwenye chupa ya kumi na saba walisimama. Funza kumi na saba kati ya ishirini walikuwa wamekufa. Bi Chemsha alipindua chupa. Kwenye kitako kulikuwa na mstari wa buluu.

Wakaendelea mpaka ya mwisho. Nyingine zote, hata saba zilizofuata, zilikubali. Ile moja ilikataa.

"Labda hiyo sikuichemsha vizuri," alisema Bi Chemsha. Uso wake ulikuwa umepata moto. "Labda ilikuwa pembeni ya sufuria. Iandikeni mbichi. Nimezeeka, pengine mkono ulikosea."

Shahidi aliinua kalamu, akamtazama binti, akisubiri. Binti aliichukua chupa ya kumi na saba, akaishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Ingekuwa rahisi. Ishirini na nne kwa ishirini na nne, karatasi safi, meza yake mwenyewe kituoni.

"Ina alama?" aliuliza.

"Ina."

"Basi imechemshwa," alisema binti, na kumgeukia shahidi. "Andika: namba kumi na saba, imechemshwa, imeua, sababu haijajulikana. Pengine sahani ilikuwa na ukungu mwingine, pengine kuna kitu humo kinachostahimili moto. Nitaitafuta."

Kijana akaandika. Shangazi akauliza kama sasa watu wanaweza kula, na kama meza imechemshwa. Bi Chemsha hakumjibu. Alikuwa amesimama na chupa mkononi, akisugua kitako chake taratibu kwa kidole gumba, na mstari wa buluu haukufutika.